Siku Binti Yetu Alipoingia Baharini

Barua ya shule ilikaa juu ya kabati siku nne. Ilitaka saini ya mzazi ili binti yetu wa kidato cha pili aende na wenzake kisiwani Chumbe kujifunza habari za bahari. Mimi nimekulia Dodoma. Nilipokuwa na miaka tisa tulimzika binamu yangu aliyezama bwawani, na tangu hapo maji yakizidi magoti nayaogopa. Baba watoto akasema, "Mke wangu, tumekaa Unguja miaka sita na mtoto hajui kuogelea." Nikatia saini kwa sharti moja, kwamba nami niende. Mwalimu akakubali.

Chumbe ni kisiwa kidogo, kiasi cha kilomita 12 kusini-magharibi mwa Mji Mkongwe. Hakina kijiji. Kuna mnara wa taa wa mwaka 1904, msikiti wa zamani, msitu, na nyumba saba za makuti za wageni. Tangu mwaka 1994 matumbawe ya upande wake wa magharibi yamehifadhiwa kisheria, na kuvua ni marufuku. Fedha za wageni ndizo husaidia kuwaleta watoto wa shule. Ndani ya boti wasichana walisema Bismillahi, nami nikasali kimoyomoyo.

Akina mama wenzangu, kilichonishangaza kwanza ni maji. Kisiwa hakina kisima wala chemchemi. Mvua hutiririka juu ya paa, ikachujwa, ikahifadhiwa katika tangi chini ya nyumba. Choo hakitumii maji hata tone. Nilikumbuka ndoo nilizobeba utotoni, nikatamani mama yangu angeyaona haya.

Kisha ikafika saa ya kuingia baharini. Mlinzi wa hifadhi, mtu mzima aliyekuwa mvuvi zamani, aliwaeleza kwamba tumbawe si jiwe. Ni makazi ya wanyama wadogo mno, yanayojengwa polepole kwa miaka mingi, na nanga moja yaweza kuyavunja kwa dakika. Samaki huzaliana humo, kisha wengine hutoka nje ya mpaka na kuingia katika nyavu za wavuvi. Wasichana wakavaa majaketi ya kujiokolea juu ya nguo zao, na mitandio yao vichwani, wakapewa miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia.

Binti yangu alinigeukia. "Mama, niende?"

Sauti haikutoka. Nilitikisa kichwa tu kukubali. Alishika mkono wa mlinzi, akalala kifudifudi juu ya maji, na kwa muda niliona mgongo wake tu. Nilikuwa nimeingia majini na viatu bila kujua. Kisha akainua uso, akapiga kelele, "Mama, kuna samaki wa bluu! Wengi!"

"Mama, usiogope," mlinzi aliniambia. "Wengi wao wanatoka Unguja hii hii, na leo ndiyo mara yao ya kwanza kutazama chini."

Jioni ile binti yetu hakula mpaka alipomaliza kuchora. Alichora tumbawe lenye matawi kama pembe za paa, samaki wanane, na pembeni mwanamke aliyesimama majini na viatu vyake. Baba watoto alicheka hadi akakohoa.

Jumamosi ijayo anataka nimsindikize pwani. Nimekwisha kushona gauni la kuogelea, refu hadi chini ya magoti.