Anza na Bao, Wachana na Chess

Wasee wengi wakitaka kujifunza kutengeneza akili unde ya mchezo, wanakimbilia chess. Mimi niko hapa Kariandusi, na huko Nakuru, Hyrax Hill, kuna mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba. Mbona tuanzie mbali?

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 22 mkononi. Kwa Python hiyo ni orodha moja ya namba 32, pamoja na namba mbili za kete za mkononi. Akili unde usiiguse bado. Andika kwanza jinsi kete zinavyotembea, na kila baada ya hatua ujumlishe zote. Usipopata 64, programu yako inaiba.

Halafu tengeneza mchezaji anayebahatisha tu. Akili unde ikishindwa naye, bado hujaunda kitu.

Sheria ndizo zinauma, bana. Kwenye namua, ukiwa unakula na kete ya mwisho iangukie nyumba yako, unaamua: ulale ama usafiri. Kompyuta lazima iulizwe pia. Ukiiruka sheria hiyo ndiyo umalize haraka, mtoto atakayejifunzia kwa simu atadhani hilo ndilo bao.

Mambo haya hakuna lekchara aliyenifundisha kabla niache chuo. Wanaoyajua ni wazee. Jumamosi nabeba laptopu na daftari, naenda kuketi nao.