Maiti Haingoji Ndege

Kutoka Maskati hadi Unguja ni takriban kilomita 3,900. Majahazi ya zamani yalingoja pepo za kaskazi, yakakaa baharini kwa majuma kadhaa. Leo ndege huimaliza safari hiyo kwa saa tano na ushei. Kutoka Unguja hadi uwanja wa ndege wa Pemba, karibu na Chake Chake, hubakia kama kilomita 125, nusu saa tu angani. Ndiyo maana jamaa zetu walioko Oman huaga wakisema: "Si mbali."

Baba yetu alifariki Wete, alfajiri. Dada yangu, aliyeko Maskati, alipata tiketi ya jioni ileile, akapiga simu kuomba tumngojee. Ami yetu alimjibu huku akilia: "Mwanangu, tumeamrishwa kuharakisha maziko." Tulimzika baba baada ya Adhuhuri. Dada aliswali Swala ya Ghaibu hukohuko, kama madhehebu yetu ya Shafii yanavyoruhusu, kisha akasafiri. Aliwasili siku ya pili, udongo wa kaburi ungali mbichi.

Saa za ndege huhesabiwa baada ya ruhusa ya mwajiri, nauli na kiti kupatikana. Mauti hayangoji lolote katika hayo. Basi mwenye wazazi ng'ambo ya bahari asiupime umbali kwa saa, bali kwa mara alizowatazama nyuso zao.

Mama yetu yu hai, alhamdulillahi. Mwaka huu dada ameomba likizo mapema, bila ya kungoja simu.