Barua ya Nasaha kwa Mpwa Anayeanza Uzamili wa Uhusiano wa Kimataifa

Uhusiano wa kimataifa ulipata kiti chake cha kwanza cha uprofesa mwaka 1919, huko Aberystwyth, Wales, Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimemalizika punde tu. Swali lililolizaa somo hilo ni hili: kwa nini dola hupigana, na nini kinaweza kuzizuia? Mwanafunzi akilishika, wingi wa nadharia hautampoteza.

Kambi kuu ni tatu. Wanauhalisia, kama Hans Morgenthau na Kenneth Waltz, hushikilia kwamba hakuna mamlaka juu ya dola, hivyo kila moja hujilinda yenyewe. Waliberali, kama Robert Keohane, hujibu kwamba taasisi za pamoja hupunguza shaka na kuwezesha ushirikiano. Wakonstraktivisti, kama Alexander Wendt, huona kwamba uadui na urafiki hujengwa na imani na mwenendo wa dola zenyewe.

Kuzikariri hakutoshi. Kila nadharia na ipimwe kwa tukio ambalo mwanafunzi analijua kwa undani, mfano Vita vya Kagera vya 1978–1979 kati ya Uganda na Tanzania. Waltz alifundisha, mwaka 1959, kwamba chanzo cha vita hutafutwa katika ngazi tatu: mtu, dola na mfumo wa dola. Ya kwanza humtazama Idi Amin mwenyewe, mtawala wa Uganda. Ya pili, maasi ndani ya jeshi lake. Ya tatu, bara ambalo Umoja wake wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ungeweza kusuluhisha lakini si kumwondoa mvamizi. Mliberali atauliza kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, pamoja na reli, bandari na ndege zake, kulifungua mlango gani. Mkonstraktivisti atarejea azimio la Cairo la 1964 la kuheshimu mipaka iliyorithiwa, ambalo Amin alilivunja alipotangaza kuitwaa ardhi ya Tanzania hadi Mto Kagera. Kisha ataeleza kwa nini Tanzania nayo ililaumiwa na baadhi ya viongozi wa Afrika baada ya majeshi yake kuiteka Kampala, mji mkuu wa Uganda, Aprili 1979.

Vitabu vya wananadharia hawa visomwe vyenyewe, si muhtasari wake. Ali Mazrui, mwanazuoni wa siasa za Afrika, naye asiachwe: tangu 1967 alihoji ni nani anayestahili kulinda amani ya Afrika, na hoja yake ingali hai.

Katika tasnifu, kosa la kawaida ni kuitaja nadharia katika sura ya pili na kutoigusa tena. Nadharia ichaguliwe baada ya swali kupatikana, ipambanishwe na nyingine, na ushahidi upewe nafasi ya kuikataa. Mpwa na asione haya kuandika kwamba nadharia aliyoipenda imeshindwa. Hitimisho la namna hiyo, likitokana na ushahidi, ni elimu kamili.