Lwiro Yastahili Jukwaa

Ukitoka Bukavu kwa barabara ya kaskazini, Ziwa Kivu liko mkono wa kulia, na kushoto mlima Kahuzi umesimama kwa mita 3,308. Unapita Miti, kisha Kavumu penye uwanja wa ndege, katikati ya migomba, mihogo na chai. Vita vimeijua barabara hii. Februari 2025 vilipita tena vikielekea Bukavu. Baada ya kilomita kama 40, karibu na Katana, unaingia Lwiro.

Wengi huja kwa ajili ya sokwe yatima, wanaolelewa hapa tangu 2002 baada ya kuokolewa mikononi mwa wawindaji. Wengine huja kulitazama jumba la kituo cha utafiti, CRSN, lenye nyua za ndani, maktaba na nyoka waliohifadhiwa chupani. Mimi naisifu Lwiro kwa hazina nyingine. Hapa palikuwa makao ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947, na watu wake hawakuchunguza wadudu na matetemeko ya ardhi tu. Walifuata pia tenzi, nyimbo na sinema.

Mwaka 1951 Mmarekani Alan Merriam alifika Kivu kurekodi muziki wa Bashi, wenyeji wa milima hii. Alikuta lulanga, ubao mrefu uliochongwa kama sinia, nyuzi zimepita juu yake, mpigaji akisimulia huku vidole vikitembea. Akarekodi pia wasichana wa shambani wakiimba, mwenye shamba yupo papo hapo, kwamba mafuta waliyozoea kupewa yamekatwa. Neno lisilosemeka mbele ya bwana lilipata njia kwa wimbo. Luc de Heusch, aliyetoka katika kundi la CoBrA la wachoraji na washairi, alifanya kazi na taasisi hiyohiyo, akapiga filamu ya sherehe za Wahamba wa Kasai.

Lakini anayenivuta zaidi ni Shé-Kárisi Rureke, fundi wa masimulizi wa Kinyanga kutoka misitu ya Walikale. Mwaka 1956 alimtolea Daniel Biebuyck, mtafiti wa IRSAC, utenzi wa shujaa Mwindo kwa siku 12. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza, akaigiza kila mhusika, kayamba la kibuyu mkononi, vijana wakigonga mdundo na kuitikia. Utenzi ulichapishwa mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe.

Leo msanii akizunguka miji na shairi, gitaa na projekta, tunamwita mwanzilishi. Rureke alikuwa na yote hayo mwilini mwake. Alichokosa ni pazia la sinema tu.

Ndiyo maana nawaomba washairi, wanamuziki na watengeneza filamu wa Bukavu na Goma waiweke Lwiro katika ratiba ya safari zao. Watundike shuka jeupe penye ukuta, wamtangulize mpiga lulanga, shairi lisomwe kwa Mashi, lugha ya Bashi, na kwa Kiswahili, kisha zioneshwe filamu za zamani, ili wajukuu wa waliorekodiwa wapate nao kuona na kusikia kilichovuka bahari. Kiingilio kiwe kidogo, kwa maana watu wa hapa ni wakulima. Msanii naye atalipwa kwa kitu ambacho kumbi nyingi za mjini zimekipoteza: hadhira inayojua kuitikia.