Duka Lisilo na Mlango

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walinena hivyo katika enzi ambapo mnunuzi aliipapasa kanga, akalibonyeza embe na kumtazama muuzaji machoni kabla ya kufungua kibindo. Duka la mtandaoni limeyafuta yote hayo. Mnunuzi huona picha, husoma bei, kisha hutakiwa kumwamini mtu asiyemjua. Je, ni kipi kinachoyafanya baadhi ya maduka haya yasiyo na mlango yastawi, ilhali mengine hufa kabla ya kutambaa?

Swali hili si la wanauchumi pekee. Ni la mhitimu ambaye shahada yake imelala sandukuni, na ambaye mzazi wake, baada ya kuuza ng'ombe ili kulipa karo, humkabidhi akiba iliyosalia aanzishe biashara kwa simu na tarakilishi. Kijana huyo akiteleza, hapotezi mtaji tu, bali pia jasho la aliyemlea.

Wengi hudhani kwamba siri ni mtaji mnono. Historia inawakanusha. Kampuni ya Webvan ya Marekani, iliyouza vyakula kupitia intaneti, ilijenga maghala makubwa kabla ya kupata wateja wa kutosha. Mwaka 2001 ikafilisika. Amazon, kwa upande wake, ilipofungua duka lake mwaka 1995 iliuza vitabu tu. Kitabu hakiozi wala hakivunjiki, na nakala moja haina tofauti na nyingine, hivyo mnunuzi hana haja ya kukipapasa. Hata hivyo, Amazon haikupata faida ya mwaka mzima hadi mwaka 2003. Uteuzi wa bidhaa na subira, basi, ni nguzo ya kwanza.

Nguzo ya pili, tena iliyo kuu, ni uaminifu. Soko la Taobao lilipoanzishwa nchini China mwaka 2003, mnunuzi alichelea kutuma pesa kabla ya kuona mzigo, naye muuzaji alichelea kutuma mzigo kabla ya kuona pesa. Mwaka 2004 ikazuka huduma ya Alipay, iliyozishika pesa hizo hadi mnunuzi apokee bidhaa yake. Hofu ya pande zote mbili ikapata dawa. Nchini Kenya, M-Pesa iliyozinduliwa mwaka 2007 ilirahisisha malipo, lakini wepesi wa kulipa si sawa na kuaminiana. Aliyewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia hutaka kulipa mzigo ukiwa mkononi. Mfanyabiashara mwerevu halioni hilo kuwa tusi.

Nguzo ya tatu ni uchukuzi. Katika mitaa yetu mingi nyumba hazina nambari. Mteja huelekeza kwa kutaja msikiti, kinu cha unga au lango la rangi ya kijani. Mwendeshaji wa bodaboda anayeifikisha bidhaa ndiye uso wa pekee wa duka hilo. Akichelewa au akijibu kwa ukali, duka zima limemtusi mteja. Fauka ya hayo, blauzi ya shilingi 400 ikitozwa usafiri wa shilingi 300, mteja atapanda matatu aende Gikomba akajichagulie mwenyewe. Anayekusanya oda za mtaa mmoja na kuzipeleka kwa safari moja huupunguza mzigo huo.

Hatimaye kuna kipimo ambacho wachache hukipenda: kurudishiwa bidhaa. Zappos, iliyoanzishwa mwaka 1999, iliuza viatu, bidhaa ambayo mtu hawezi kuijua hadi aivae. Iliwaruhusu wateja kuvirudisha bila malipo kwa siku 365. Mwaka 2009 Amazon iliinunua kampuni hiyo.

Kijana mwenye mtaji wa mzazi hawezi kustahimili siku 365. Anaweza, hata hivyo, kupiga picha ya nguo jinsi ilivyo, doa likiwemo. Kutaja vipimo vyake kwa sentimita. Na kumbadilishia mteja blauzi iliyombana bila kumzungusha. Mteja wa namna hiyo huwasimulia jirani zake, nao hununua. Atakayeyapuuza hayo atalazimika kumtafuta mteja mpya kila kukicha, na akiba ya mzazi haitadumu kiasi hicho.