Anayefungwa Bandeji

Kazi yangu ya kwanza kila jioni ni kufunga bandeji. Kijana anakaa kwenye benchi, ananipa mkono, anatanua vidole. Naanza na kitanzi cha dole gumba, nazungusha kifundo mara tatu, napanda juu ya viungo vya ngumi, napitisha katikati ya vidole, narudi kifundoni. "Kunja. Inabana?" "Kidogo, kocha." Nafungua, naanza upya. Bandeji zetu nyingi ni shuka kuukuu zilizochanwa na kufuliwa hadi zikalainika. Hazivutiki kama za dukani, kwa hiyo ukikaza vibaya vidole vinakufa ganzi, ukilegeza mkono unateguka kwenye begi la mazoezi. Kijana huyohuyo muda mfupi uliopita alikuwa nje, mabega juu, haambiliki na mama yake wala na mjumbe wa nyumba kumi. Akifika kwenye benchi anatulia kama mtoto anayekatwa kucha.

Nafundisha ngumi za ridhaa Manzese, na nimekaa nazo kiasi cha kuletewa watoto wa watu niliopigana nao. Wapo wanaotulaumu kwamba tunafuga wahuni. Wapo wanaotusifu kwamba tunawatengeneza wanaume. Mimi ninachokiona ni kwamba ngumi inampa kijana ruhusa ya kuhudumiwa. Ndani ya jimu atapakwa mafuta usoni, atanyweshwa maji, atafutwa damu na kamasi na mwenzake wa rika moja, na hakuna atakayemcheka, kwa sababu amepigana. Nje ya hapo angekufa kwanza kabla hajakubali.

Zamani, kwa Wazaramo na watu wengine wa pwani hii, kijana alitolewa utotoni kwa jando. Aliambiwa asilie, ndiyo, lakini aliambiwa akiwa amekaa na wazee, na kidonda chake kikitazamwa kila siku. Sasa wengi hutahiriwa hospitalini wangali wadogo. Amri ya kutolia imebaki, wazee wa kukaa nao hawapo. Hata Makunduchi, Unguja, siku ya sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume wanapochapana kwa mashina ya migomba na wanawake wakipita wakiimba maneno makali, kuna mpaka wa uwanja na kuna chakula baadaye. Kijana wa mjini anayetafuta ugomvi baa hana mpaka wala chakula.

Sheria inayotulinda haikuandikwa popote. Kwenye sparingi, mkubwa humpimia mdogo. Mwenye uzito wa kati akipewa mwanafunzi mpya, atatumia mkono wa kushoto tu, atamgusa ili ajue pengo liko wapi, kisha atamwachia naye apige. Akijisahau akamshindilia mtoto konde la nguvu mbele ya watazamaji, sisemi kitu. Raundi inayofuata namwingizia mkongwe mwenye mikono mizito. Ujumbe unafika. Walio nje hudhani wawili walio ulingoni wanagombana. Wangekaa karibu na kamba wangesikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Inua mkono, dogo, inua mkono."

Mwanasosholojia Mfaransa, Loïc Wacquant, aliingia jimu moja ya Woodlawn, kusini mwa Chicago, mwaka 1988, akafanya mazoezi miaka kama mitatu na kupanda ulingoni mwenyewe, kisha akaandika kitabu. Anaeleza jimu kama mahali palipojitenga na mtaa, penye utaratibu ambao mtaa hauna. Kuhusu nidhamu namkubalia kabisa. Kuhusu kujitenga, kwetu mtaa unaingia na viatu vyake. Wanakuja wenye baa wanaotaka mabaunsa. Kampeni zikianza wanakuja watu wanaotafuta vifua vipana vya kusimama jukwaani. Anakuja mwenye nyumba anayetaka mpangaji atolewe vyombo. Kijana mwenye njaa anaombwa auze kitu kilekile tulichomfundisha kukizuia, na bei yake ya usiku mmoja inazidi chochote ambacho ngumi za ridhaa zitampa kwa mwezi.

Ndiyo maana wengi wao macho yako kwenye timu za majeshi. Jeshi, JKT, Polisi na Magereza wana timu za ngumi, na bondia mzuri wa ridhaa anaweza kupata ajira huko. Michael Yombayomba alipoleta dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, kila jimu ilijaa. Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walipopata shaba Birmingham mwaka 2022, nikaona ongezeko tena, dogo zaidi. Lakini hawa wa sasa wakija hawaulizi medali. Wanauliza nafasi za JKT zinatoka lini. Siwalaumu. Mwanaume kwa hesabu za mtaani ni yule anayeacha hela ya mboga asubuhi.

Na tambo? Bondia Karim Mandonga amewafundisha vijana kwamba mdomo nao ni mtaji. Konde lake la "Sugunyo" lilijulikana hadi Nairobi kabla yeye hajapanda ulingoni kule mwaka 2023. Wazee wa ngumi wanamnunia. Mimi namfurahia, maana angalau yeye anacheka, na akipigwa anasema amepigwa. Hilo ni gumu kuliko watu wanavyodhani.

Wasichana walipoanza kuja, wanaume walipata taabu kubwa kuliko wao. Kumpiga msichana ni aibu, kupigwa naye ni aibu zaidi, kwa hiyo wakawa wanacheza kwa kurudi nyuma raundi nzima. Kuna mmoja aliyejifunza kweli kukwepa kwa sababu hiyo tu, akawa bora kuliko wote. Mwaka 2013 shirikisho la dunia liliwavua wanaume wakubwa wa ridhaa kofia za kinga, wanawake wakaachiwa zao. Sababu za kitaalamu zilitolewa. Vijana wangu walielewa kitu kimoja: kichwa cha mwanaume hakihitaji kofia.

Hapo ndipo ile ruhusa ya kuhudumiwa inapokoma. Nyusi ikichanika, jimu nzima inamzunguka. Kichwa kikimuuma siku tatu, hasemi. Damu inaonekana, kwa hiyo ina heshima; kizunguzungu hakionekani, kwa hiyo ni uoga. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, akafariki mwaka 1994 baada ya pambano Las Vegas. Vijana wote wanaijua ile dhahabu. Kile kifo lazima niwasimulie mimi.

Kwa hiyo siulizi tena kama wanaumwa. Jibu ni lilelile, "Niko fiti, kocha." Namuuliza alikula nini jana, ameingia na nani, raundi ya pili ilikuwaje. Namwambia asimame kwa mguu mmoja. Namtazama anavyofunga kamba za viatu. Akisita, anavua glovu. Kanuni za ridhaa zinataka aliyepoteza pambano kwa nokauti apumzike si chini ya siku 30, na mimi nazihesabu hata kama ilitokea mazoezini na hakuna mwamuzi aliyeandika.

Juzi mama wa mmoja wao alinifuata hadi kwenye benchi. Nilikuwa nimemzuia mwanawe baada ya kuanguka kwenye sparingi. "Shikamoo kocha," akanisalimia, ingawa tunalingana umri. Akaniambia kijana anashinda kitandani, hasemi na mtu, anadai nimemwita mwanamke mbele ya wenzake. Nilikuwa nimemwambia apumzike, basi. Nikamwomba mama amwambie aje kesho saa kumi, bila glovu. Nina vijana kumi na mikono yangu ni miwili, nahitaji mtu wa kunisaidia kufunga bandeji.