Ugonjwa Tulioambiwa Hatutauona

Nilipoanza kazi ya maabara Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, lupasi ilikuwa ugonjwa wa vitabuni. Chuoni tuliisoma kwa aya chache zilizoandamana na picha ya mwanamke wa Kizungu mwenye wekundu mashavuni. Mwalimu akatwambia tusijisumbue kuikariri, kwa kuwa huku kwetu hatutaiona. Kazi yetu ilikuwa malaria, kichocho, safura na kifua kikuu. Mvua za masika zikianza, vioo vya damu za watoto wenye homa vilijaa benchi tangu alfajiri, na hakuna aliyepata nafasi ya kutafuta jingine.

Kauli ile mwalimu hakuitunga. Mwaka 1968 daktari kijana Mwingereza, Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya chuo kikuu cha Ibadan, Nigeria, aliandika katika jarida la Lancet kwamba magonjwa ya kinga kuushambulia mwili wake wenyewe yalikuwa nadra mno miongoni mwa wagonjwa waliolazwa pale. Ajabu ni kwamba Wamarekani weusi, ambao wengi asili yao ni pande hizohizo za Afrika Magharibi, waliugua lupasi, mojawapo ya magonjwa hayo, zaidi kuliko Wamarekani weupe. Greenwood alishuku vimelea, hasa malaria. Miaka miwili baadaye, yeye na wenzake wakachukua panya wa ukoo uliozalishwa Dunedin, New Zealand, ambao hurithi ugonjwa unaofanana na lupasi na aghalabu hufa kwa figo. Wakawaambukiza malaria wangali wachanga. Walioambukizwa waliishi na afya zao muda mrefu kuliko ndugu zao walioachwa salama.

Habari hizi nilizipata kwa daktari mmoja aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni Uingereza, na nilizipata kwa sababu ya mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Kwale.

Ilikuwa 1984. Mwalimu huyo alikuwa ameharibikiwa na mimba zaidi ya mara moja. Hospitali nyingine ilimpima damu, ikamwambia ana kaswende, na habari zikamfikia mume kabla yake. Akarudishwa kwao. Alipofika kwetu alikaa kwenye benchi la nje ya maabara, mikono kaiweka mapajani, vidole vimevimba hata pete haivuki kifundo.

"Kaka," aliniambia, "nimechomwa sindano za kaswende mpaka nimechoka. Nipime tena wewe, kwa haki ya Mungu. Mimi sijatoka nje ya ndoa yangu."

"Lete mkono, Mwalimu. Damu haina maneno ya watu," nilimjibu.

Kipimo kikatoka vilevile: kaswende. Kama si yule daktari, majibu yangeandikwa kwenye karatasi na mambo yakaishia hapo. Yeye alimtazama usoni. Wekundu wa kitabuni haukuwapo. Palikuwa na weusi wa zambarau uliovuka pua kutoka shavu hadi shavu, na ukingoni mwake ngozi imechunika kidogo. Akaagiza mkojo. Tukaupasha moto juu ya taa ya spiriti, ukaganda mweupe mzito: protini ilikuwa ikivuja kwenye figo. Kisha akaniuliza kama naweza kutafuta seli za LE, chembe zinazoonekana katika damu ya wagonjwa wa lupasi.

Njia ya kuzitafuta niliijua kwa kusoma tu. Nikachota damu, nikaiacha igande, nikaiweka kwenye joto la nyuzi 37 kwa muda, nikalisaga bonge kwenye chujio la waya, nikakizungusha kwa mashine kilichopita. Utando mwembamba wa chembe nyeupe nikaupaka kiooni, nikautia rangi, nikakaa kwenye hadubini. Nilipita chembe moja baada ya nyingine, zote za kawaida. Halafu nikaikuta: chembe nyeupe imemeza donge la mviringo la rangi ya zambarau, laini lisilo na chembe ndani, na kiini chake chenyewe kimesukumwa ukingoni kikabaki ukanda mwembamba. Donge lile lilikuwa kiini cha chembe nyingine ya mtu yuleyule. Nilimwita daktari. Aliangalia kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti na kuanza kunisomesha.

Seli hiyo iligunduliwa na Malcolm Hargraves na wenzake katika Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1948. Kabla ya hapo daktari alitegemea zaidi macho yake. Mwaka 1957 maabara kadhaa, kila moja kwa njia yake, zilionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa lupasi ina kingamwili zinazoishika DNA, kitu kilichomo katika kila kiini cha mwili. Mwaka 1967 kundi la Henry Kunkel huko New York lilizitoa kingamwili hizohizo ndani ya figo zilizougua. Basi ikajulikana kwamba figo haziugui kwa bahati mbaya: kingamwili na DNA hushikamana, hutua kwenye vichujio vya figo, na moto wa kinga huwaka papo hapo.

Na kaswende? Kipimo tulichotumia hakikutafuta kijidudu cha kaswende. Kilitafuta kingamwili dhidi ya mafuta fulani yaliyotolewa kwenye moyo wa ng'ombe, kwa kuwa wagonjwa wa kaswende huwa nazo. Wagonjwa wengi wa lupasi nao huwa nazo, bila kaswende yoyote. Mwaka mmoja kabla, Graham Hughes jijini London alikuwa ameeleza jinsi kingamwili za namna hiyo zinavyogandisha damu mishipani na kuharibu mimba. Kwa hiyo kile kilichomvunjia mwalimu heshima ndicho kilichokuwa kikimnyang'anya watoto. Tulituma damu yake Nairobi ipimwe kwa kipimo kinachotafuta kingamwili dhidi ya kijidudu chenyewe. Majibu yakarudi: hana. Daktari aliandika barua kwa mkono wake, na wazee wa pande zote mbili wakasomewa. Mume alikuja kuomba radhi, lakini ndoa ile haikutengemaa.

Dawa alizopewa ni predinisoloni, iliyomjaza uso, na klorokwini. Tulicheka kwa uchungu tulipoiona klorokwini kwenye cheti. Ilikuwa dawa ya kila nyumba, chungu, yenye kuwasha mwili mzima usiku kucha. Kumbe tangu 1951 daktari Francis Page wa London alikuwa ameandika kwamba dawa ya malaria, mepakrini, iliwapa nafuu wagonjwa wa lupasi. Hadi leo haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini, ndiyo nguzo ya matibabu. Mwalimu alirudi darasani akafundisha miaka kadhaa, mpaka figo zikashindwa, wakati ambapo kusafishwa damu kwa mashine kulikuwa kwa wenye uwezo. Alifariki katikati ya miaka ya 1990.

Jibu la fumbo la Greenwood lililonigusa zaidi lilitoka jirani. Tangu 1989 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Uingereza walikuwa Kilifi wakichunguza kwa nini mtoto mmoja hulemewa na malaria na mwingine akapona. Damu za watoto wa pwani, Wagiriama wengi wao, zilipimwa na kuhifadhiwa. Mwaka 2010 ukatoka utafiti uliotumia damu za watoto wa Kenya kuchunguza jeni iitwayo FCGR2B. Jeni hiyo hutengeneza breki ya kinga: huziambia chembe zinazozalisha kingamwili kwamba sasa inatosha. Kuna umbo la jeni hiyo ambalo breki yake haishiki. Mtoto aliyelirithi kwa baba na kwa mama hakuwa rahisi kupata malaria kali, maana kinga yake humshambulia mdudu bila kusita. Lakini katika wagonjwa wa Hong Kong na Uingereza waliochunguzwa kwenye kazi hiyohiyo, umbo lilelile liliandamana na lupasi. Nalo limeenea zaidi Afrika na Asia ya kusini-mashariki, yaani palepale ambapo malaria imeua watu kwa karne nyingi.

Basi nikaelewa kwamba maneno ya Ibadan na habari za Wamarekani weusi hayapingani. Malaria ilichuja vizazi na kuwabakiza wenye kinga kali. Ondoa malaria, ukali unabaki bila adui.

Jeni hiyo ni moja tu. Leo sehemu zaidi ya 100 za vinasaba zimehusishwa na lupasi. Hata hivyo pacha wa kufanana akiugua, mwenzake huugua katika jozi moja hivi kati ya nne, kwa hiyo urithi peke yake hautoshi. Katika kila wagonjwa kumi, karibu tisa ni wanawake. Mwaka 2022 kundi la Carola Vinuesa lilieleza habari za msichana Mhispania ambaye kosa moja katika jeni ya TLR7, iliyoko kwenye kromosomu X ambayo wanawake huwa nazo mbili, lilitosha kumletea lupasi. Lakini damu nyingi zilizochunguzwa duniani ni za watu wa asili ya Ulaya na Asia ya mashariki. Za kwetu, zaidi ya zile zilizokusanywa kwa ajili ya malaria, ni chache.

Ndiyo maana sikubali nikisikia kwamba lupasi ni ugonjwa mpya Afrika. Huenda malaria iliupunguza kweli, lakini nao ulikuwapo, na wengi waliokuwa nao walizikwa kwa majina mengine: kaswende, baridi yabisi, figo, kurogwa. Wataalamu vijana wa maabara wakinitembelea nawapa ushauri mmoja. Akija mwanamke kijana mwenye maumivu ya viungo, mimba zinazoharibika na kipimo cha kaswende kinachosema ndiyo, rudia kwa kipimo cha kingamwili dhidi ya kijidudu chenyewe na upime mkojo wake siku hiyohiyo, kabla majibu hayajatoka nje ya mlango wa maabara.